Ampli ya Pili

Wewe unayesoma hapa ulikuwepo. Usinigeuzie shingo. Kama hukuwepo Jumapili ile kwenye ukumbi wetu, ulikuwepo Jumapili nyingine kwenye ukumbi mwingine, ukamwona mwimbaji akishtuka kidogo midomo yake ilipogusa maiki, ukacheka, ukaomba kinywaji kingine. Ukaangalia pembeni. Sote tuliangalia pembeni. Ila wapo walioangalia pembeni huku wameshika koleo mkononi, na nitaanza na hao, kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Wanamuziki wa zamani wananifahamu kwa jina la Kelele. Walinibandika kwa ajili ya mdomo wangu. Kila bendi niliyoingia niliuliza mkataba uko wapi, nani anatulisha tukicheza mchana kutwa, na kwa nini choo cha wateja kina taa na cha kwetu hakina. Besi nilijifundisha mwenyewe. Umeme nilijifundisha kwa kufungua redio za majirani na kuzifunga tena, nyingine zikaimba, nyingine zikanyamaza moja kwa moja. Cheti sina. Kumbukumbu ninayo, na hiyo hamtaipenda.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne. Mbele alisimama rafiki yangu, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, tuliyemwita Msumari kwa sababu akishasimama mahali jukwaani hasogei mpaka wimbo wa mwisho. Watu wanaruka, meza zinacheza, yeye yupo palepale, macho nusu yamefumba, mdomo umebandikwa kwenye maiki kama anainong'oneza siri. Maiki ilikuwa ya ukumbi. Gitaa na ampli vilikuwa vyake. Ampli moja. Boksi la mbao lililovishwa ngozi bandia nyeusi, alama ya sigara iliyoungua karibu na kitufe cha sauti, pembe moja imetafunwa na panya. Tuliibeba watu wawili, na ngazi za nyuma za ukumbi zilikuwa kumi na tatu, nyembamba, hivyo aliyekuwa chini ndiye aliyebeba kweli. Mara nyingi nilikuwa mimi.

Ikaanza kuvuma. Ukiiwasha tu, kabla hujagusa uzi wowote, inatoa mmmm, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Msumari akiacha kupiga ili aongee na watu, mvumo unabaki unaongea badala yake. Meneja wa ukumbi, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko milango aliyokuwa nayo, akatuita akasema wateja wake hawaji kusikiliza mashine ya kusaga. Akatupa wiki moja.

Hapo ndipo nilipotoa hoja yangu. Tulikuwa tumekaa nyuma ya jukwaa juu ya kreti tupu. Nikasema tununue ampli ya pili. Siyo ya kubadilisha na hii, ya akiba, ikae pembeni, ili hii ikiugua tuiweke kando na ipelekwe kwa fundi wa kweli, mwenye vipimo, badala ya mimi na bisibisi yangu. Nikawaambia gari lina tairi la akiba, fundi cherehani ana sindano ya akiba, hata anayeuza mayai anabeba trei moja zaidi. Ni mwanamuziki peke yake anayepanda mbele ya watu mia mbili na kitu kimoja kimoja na kumwomba Mungu kisife.

Walinicheka mpaka kreti zikayumba. Ninyi wa kazi hii mnaijua imani yetu ya kijinga, na msijifanye hamna: kubeba chombo cha pili jukwaani ni mkosi, ni kukitabiria kifo cha kwanza. Mpiga dramu akahadithia habari ya mtu aliyekwenda kwenye harusi na magitaa mawili, yote mawili yakakatika nyuzi kabla bibi harusi hajaingia. Mpiga kinanda akaniuliza nina ubaya gani na ampli hata nimtafutie mke mwenza. Akasema akina mama wawili hawakai jukwaa moja, mmoja atanuna. Msumari yeye alikuwa anafuta nyuzi zake kwa kitambaa, taratibu, kama anamwogesha mtoto. Akaniangalia akitabasamu.

"Kelele," akasema, "moyo wangu wenyewe ni mmoja. Huo mbona hujaniambia ninunue wa akiba?"

Tukacheka wote. Mimi pia nilicheka. Nataka muandike hilo mahali.

Nikaenda kwa Meneja. Nikamwambia ukumbi uwe na ampli yake, kila bendi inayokuja itumie. Akanionyesha mstari kwenye mkataba: mwanamuziki atakuja na vyombo vyake. Tuliongea tumesimama uani, na nyuma ya mgongo wake kulikuwa na jenereta mbili. Moja ya ukumbi, ya pili ya kusimama kama ya kwanza ikizima, kwa ajili ya majokofu. Alinieleza mwenyewe, kwa majivuno, kwamba bia yake haijawahi kupata joto hata dakika kumi. Nikaondoka. Bia ilikuwa na akiba. Msumari hakuwa nayo.

Basi nikafanya wanachofanya mafundi wa kujifundisha. Plagi ya ampli ina nyaya tatu ndani yake. Mbili zinaleta umeme na kuurudisha. Ya tatu, ya kijani na njano, ile tunaiita ethi, haifanyi kitu siku zote za maisha yake. Inasubiri. Siku umeme ukipotea njia ndani ya ampli na kushika bodi, yaani bati lake la ndani, waya ule ndio unaoukamata na kuupeleka ardhini kabla haujampata mtu. Lakini ni waya huohuo ambao mara nyingine, vyombo viwili vikikutana jukwaani, unaleta mvumo. Kila fundi wa bendi anajua njia ya mkato. Nilifungua plagi, nikakata ethi kwa koleo, nikazungushia utepe mweusi, nikafunga. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Tukawasha. Kimya. Kimya kizuri, kisafi, mpaka tukasikia saa ya ukutani. Mpiga dramu alinipigia saluti kwa vijiti vyake. Msumari alinikumbatia, akasema nimemtolea mdudu sikioni. Hoja ya ampli ya pili ikaishia hapo. Hakuna aliyeigusa tena, na mimi mwenyewe, Kelele mwenye mdomo, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimesifiwa.

Tulicheza Jumapili kumi na moja.

Jumapili ya tisa Msumari aliniambia midomo inamtekenya akiimba. Kidogo tu, akasema, kama amelamba betri. Wenzangu wakasema maiki imempenda, watakwenda kumshtaki kwa mkewe. Yeye akasema afadhali maiki, haiulizi umerudi saa ngapi. Nilisikia maneno yale yakipita nikayaelewa. Sisemi nilihisi, nasema niliyaelewa: nilijua umeme umeshashika bodi na nyuzi, na unapita midomoni mwake kuitafuta ardhi kwenye maiki. Nikajiambia nitafungua plagi Jumatatu. Jumatatu nilikuwa na redio ya mtu.

Jumapili ya kumi na moja, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha ya upande wa barabara, watoto wa wateja wanakimbizana kati ya meza. Msumari alimaliza kipande cha gitaa, akauleta mdomo kwenye maiki aanze ubeti wa pili, mkono wa kushoto umeshika nyuzi.

Hakupiga kelele. Watu wanadhani mtu hupiga kelele. Mkono ulijikunja juu ya nyuzi ukabana, gitaa likaendelea kutoa sauti moja, na yeye akatoa sauti moja, mmmm, mdomo kwenye maiki, macho nusu yamefumba, amesimama wima palepale anaposimama siku zote. Watu wakadhani anaishikilia noti. Wakaanza kumpigia makofi. Noti ikaendelea, makofi yakaongezeka, mtu akapiga mluzi. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake na besi yangu, na nilipiga mizunguko minne kamili. Nimeihesabu mara elfu. Minne. Niliangalia pembeni kwenye dirisha, kwenye watoto, popote, kwa sababu kama ningemwangalia ningekuwa tayari nimejua. Kisha akaanguka na maiki yake, na mvumo ukabaki.

Waliompokea hospitali walisema ni moyo. Msibani walisema siku yake ilifika. Meneja alisema mwanamuziki alikuja na vyombo vyake. Hakuna aliyefungua plagi. Ningeweza kuwaambia waifungue. Nilibeba jeneza upande wa kushoto, mbele, na nilikuwa na koleo mfukoni mwa suruali, kwa sababu ndiyo suruali niliyokuwa nayo.

Tangu siku hiyo naisikia. Sizungumzii ndoto. Nasimama dukani nanunua sukari, jokofu la duka linaingia noti ileile. Napita chini ya nguzo ya umeme yenye transfoma, inaniita. Benki, kwenye foleni, mchana, taa nyeupe za dari zinaimba noti ya Msumari na watu wamesimama wanapiga miayo. Besi yangu niliiuza mwaka uleule pamoja na spika yake, nikabaki na kibanda cha kutengeneza redio. Mke wangu anasema nikilala navuma. Aliniuliza mara moja ni wimbo gani ule. Nikamwambia sijui. Akasema basi nijifunze ubeti wa pili, maana wa kwanza ameuchoka. Alikuwa anatania, maskini. Nilitoka nje nikakaa kwenye kizingiti mpaka kukapambazuka.

Nikageuka mpigania haki wa wanamuziki. Mmenisikia kwenye vikao, mmenikimbia kwenye vikao. Nimeandika karatasi nikazibandika kwenye milango ya nyuma ya kumbi zote. Nimesema kila bendi iwe na chombo cha pili, na wasioweza peke yao tuungane, bendi tano ghala moja, ufunguo uzunguke. Mmoja wenu alisimama akasema Kelele anataka tubebe mzigo mara mbili. Mwingine akasema msanii wa kweli anacheza hata kwenye sufuria. Mkapiga makofi. Sikuwaambia kwa nini naling'ang'ania. Ningewaambia, mngenunua. Kwa hiyo lawama hii nayo muigawe, fungu langu ni kubwa.

Imepita miaka kumi na minne. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Msumari aliacha binti wa miaka sita. Leo ana ishirini. Ananiita baba mdogo, na mimi namwita mwanangu, na kila anaponiamkia nahisi kama nimepokea salamu ya mtu mwingine. Ana sauti. Anasimama palepale anapoimba, hakuna aliyemfundisha. Alhamisi iliyopita, juzi tu, alikuja kibandani kwangu mchana akaniambia nimsindikize nyumbani, ana kitu anataka nisikie. Njiani alinieleza. Kesho Jumapili, saa kumi alasiri, atapanda kwenye ukumbi uleule. Meneja ni yuleyule, amepungua nywele, funguo zimeongezeka. Binti ameomba mwenyewe kupanda pale. Anataka kuanzia kwenye ubeti wa pili, pale baba yake alipokomea.

Nikamuuliza atatumia ampli gani. Nilijua. Miguu yangu ilijua kabla yangu, maana nilikuwa nimepunguza mwendo.

Ilikuwa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na kiti cha mama yake, imevuliwa kitambaa cha kufuma kilichoifunika miaka yote. Alama ya sigara. Pembe ya panya. Karibu yake spika ndogo ya maiki aliyoiazima kwa jirani. Mama yake, shemeji yangu, alikuwa kazini. Binti alichomeka plagi, akawasha, akasimama pembeni akinitazama usoni.

Mmmm.

Miaka imekausha vitu ndani ya ile ampli, fundi yeyote atakwambia, ikizeeka itavuma hata ukate waya gani. Nilikuwa nalijua hilo nikiwa nimesimama pale. Halikunisaidia.

"Unamsikia?" akaniuliza. Kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Akaniambia amekuwa akiiwasha kila siku kwa mwezi mzima, mama akishatoka. Anakaa mbele yake anakunywa chai. Anaiambia habari za kutwa. Mafundi wawili walitaka kumtolea ule mvumo akawafukuza. Kisha akavaa gitaa, akasogelea maiki, na kabla sijafungua mdomo akanieleza jambo la mwisho, akicheka kwa aibu kidogo, jicho linang'aa.

"Nikiimba ananigusa midomo, baba mdogo. Kidogo tu. Kama busu."

Nikaruka. Nilimvua lile gitaa kwa nguvu mpaka mkanda ukamkwaruza shingo. Nikang'oa plagi ukutani. Akashangaa, akadhani nimepagawa. Nikatoa testa yangu, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, nikachomeka tena ampli, nikamwambia asiguse kitu, nikaweka ncha kwenye skrubu za bodi. Kitaa kikawaka. Nikaweka kwenye nyuzi za gitaa lililounganishwa nayo. Kikawaka. Chekundu, kimetulia, kama jicho la mtu asiye na haraka.

Nikazima, nikang'oa, nikaifungua plagi magotini pangu mbele yake. Utepe wangu mweusi ulikuwa bado pale, umeyeyuka gundi, umeshika kidole changu. Nikamwonyesha waya uliokatwa. Na hapo, kwenye mkeka wa nyumba yao, nikamwambia. Kila kitu: hoja, kreti, vicheko, wiki aliyotupa Meneja, Jumapili ya tisa, redio ya Jumatatu, mizunguko minne. Nilimwambia mimi ndiye niliyekata. Maneno niliyokaa nayo miaka kumi na minne yalikwisha kabla ya maji ya chai kuchemka jikoni.

Hakulia. Aliketi kwenye kiti cha mama yake, mikono juu ya magoti, akaniambia nimwonyeshe waya unavyotakiwa kukaa. Kwa hiyo nikaurudisha ule waya mahali pake, nikakaza skrubu, nikafunga plagi kama ilivyotakiwa kuwa siku zote. Nikachomeka, nikawasha. Swichi kuu ya nyumba ikaruka, tap, jokofu likazima, feni ikaanza kusimama. Nikairudisha. Ikaruka. Nikarudia mara ya tatu ili aelewe: transfoma ya ampli imechoka, umeme umeshika bodi, na nyumba ile ina swichi yenye akili inayokataa. Ukumbi hauna; kule, ethi ikiwepo fyuzi itaungua, isipokuwepo ampli itaimba na kuua. Ampli ile inaweza kuwa salama au inaweza kuimba. Vyote viwili haiwezi. Kuisuka upya transfoma ni wiki mbili kwa msukaji, kama waya atapata.

Nikaing'oa plagi kabisa, nikaishika mkononi. Nyumba nzima haikuwa na umeme. Feni ilikuwa imesimama. Nje mtu alikuwa anafagia.

Na ampli ikaendelea kuvuma.

Sitaeleza. Mimi ni mtu wa waya, najua vitu vinavyobaki na umeme ndani yake kwa sekunde chache, najua vinaishia lini. Ilivuma wakati plagi iko mkononi mwangu, ilivuma wakati mfagiaji alipomaliza na kugonga ufagio ukutani, ilivuma wakati binti alipoinuka akaweka kiganja juu ya boksi. Sote wawili tuliisikia. Kisha ikapungua, polepole, kama mtu anayeondoka akiwa bado anaongea, ikaisha.

"Umemuua mara ya pili," akasema.

Nikamwomba asiende kesho. Akaniuliza, kwa upole ambao sitausahau, kama asipokwenda yeye Meneja atafunga ukumbi. Nikasema hafungi. Akasema bendi nyingine inasubiri, na ampli yao hajui plagi yake ikoje, na mimi sijui pia. Nikamwambia basi aunganishe gitaa kwenye mikseta, ile mashine ya sauti ya ukumbi. Alikuwa ameshauliza: matundu mawili tu ndiyo mazima, moja la maiki ya mwimbaji, la pili la Meneja mwenyewe la kutangazia vinywaji, na hatoi. Nikamwambia nitamtafutia ampli nyingine.

Akasema sawa. Akachukua koleo langu pale mkekani, akalifungua na kulifunga mara mbili, akanirudishia.

"Ukikosa, nitakata mwenyewe. Nimekuona unavyofanya."

Hakuwa ananitisha. Alikuwa anapanga kazi yake, kama baba yake alivyokuwa akipanga nyuzi.

Ijumaa nilizunguka kutwa. Mpiga dramu wetu wa zamani sasa anauza matairi. Alinikalisha juu ya tairi, akanisikiliza, akaniambia anakumbuka nilivyopigiwa saluti na ni nani aliyepiga. Akaangalia barabara muda mrefu. Hana ampli. Bendi nilizozijua ziko tano, kila moja ina ampli moja, na zote tano zinacheza kesho alasiri. Mmoja alisema angenipa ila akiitoa ni mkosi. Nilitamani kumpiga. Nilipita kwa Meneja. Aliniambia mkataba haujabadilika, na jenereta nazo, nikaziona juu ya bega lake, sasa ni tatu.

Nilifikiria kuiiba ile ampli na kuitupa. Nilifika mlangoni kwao, nikakuta kufuli nje na shemeji amekaa kwenye ngazi, ufunguo shingoni. Binti alikuwa amemwambia kila kitu. Nilisimama chini ya ngazi kama mwizi ambaye hajaamua. Shemeji hakunitukana. Aliniambia mumewe alirudi nyumbani siku ile nilipokata waya akiwa na furaha. "Alikusifu mpaka usingizi ukamchukua," akasema. Kisha akaniambia amembembeleza mwanawe tangu jana, amempigia magoti, na mwanawe amemjibu kwamba baba naye aliambiwa aache muziki, na hakuacha. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akaniambia nisirudi mikono mitupu, na kama nitarudi mikono mitupu nisirudi.

Leo ni Jumamosi, asubuhi. Naandika haya kwa mkono, nitayapigisha chapa dukani, nitayabandika kwenye milango ya nyuma na kumpa kila ninayemjua. Sitaki pole. Sitaki mniambie nilikuwa kijana, sikujua. Nilijua. Sitaki kikao pia, nimewaitia vikao miaka kumi na minne.

Kuna ampli nyumbani kwako. Wewe uliyeacha muziki ukaoa. Wewe uliyeirithi kwa kaka yako na hujui kupiga hata kengele. Wewe wa kwaya, yenu iko stoo nyuma ya viti vibovu. Imefunikwa shuka, umeweka juu yake televisheni, chungu cha maua, nguo za kupigwa pasi. Iondolee hivyo vitu. Igeuze, shika plagi, ifungue. Kama nyaya tatu ziko mahali pake, ibebe. Kama umekuta mbili, usiilete. Pita kwangu kwanza, nipo kibandani mpaka giza liingie, nitairudishia ethi, na ikikataa nitakwambia imekataa. Kama huna ampli kabisa, mpigie simu mwenye nayo, sasa hivi, ukiwa bado umeshika karatasi hii, usiseme utampigia jioni.

Ukumbi unaujua. Mlango wa nyuma, ngazi kumi na tatu, nitashika upande wa chini. Binti anapanda kesho saa kumi. Njoo saa nane.